Matofali Yaliyoota Mchicha

Mwenye nyumba wangu wa mjini Lushoto alikuwa mtu wa sheria. Alizibandika nyuma ya mlango wa choo, ili kila mpangaji azisome akiwa ametulia. Pasi ya umeme marufuku. Redio mwisho taarifa ya habari. Mgeni asizidi siku mbili. Na ile ya mwisho aliipigia mstari: chumba kimoja, mtu mmoja. Nilipanga kwake miaka mingi nikifundisha shule ya msingi, nikawa mpangaji wa kupigiwa mfano, kwa sababu sikuwa na mtu wa pili wa kumweka chumbani. Mume tuliachana zamani na mtoto sikujaliwa. Nilikuwa na mama tu, naye alikuwa na pa kukaa.

Kisha mama akakosa pa kukaa.

Alikuwa Tanga mjini, kwenye nyumba ya kaka yake. Mama ni Mbondei wa Muheza. Baba alipofariki, mjomba alimpa chumba cha uani, akaishi humo mpaka nywele zikawa nyeupe. Mjomba naye alipofariki, watoto wake wakakaa, wakakubaliana nyumba iuzwe kila mmoja achukue chake. Siwalaumu. Hawakumfukuza shangazi yao. Walimwambia kwa adabu kabisa, wakampikia na wali siku hiyo, kwamba mnunuzi anataka nyumba tupu ifikapo mwisho wa mwaka. Mama alinipigia simu akanieleza yote hayo kama anayesimulia habari za jirani, halafu akauliza kama huku mvua zimeanza. Hakuniomba kitu. Ndivyo alivyo, hukutajia shida halafu akauliza hali ya hewa. Nilipokata simu nilijua kwamba kabla mwaka haujaisha lazima nipate chumba cha kumweka mama yangu, na kiwe changu, kisiwe na sheria za mtu nyuma ya mlango.

Wasioijua milima ya Usambara hudhani kujenga ni kujenga tu. Mtu wa Tanga akinunua kiwanja anaanza na msingi. Huku unanunua mteremko, kisha unawalipa watu wakuchongee mahali pa kusimama. Ukishachonga unabaki na chungu ya udongo, nao unalipia uondolewe kabla mvua haijaumwaga kwenye karoti za jirani. Halafu ndiyo uanze kusubiri lori lipande na matofali na mchanga kutoka bondeni, na dereva wa lori akishaziona kona za barabara yetu bei inapanda kuliko lori lenyewe. Walimu wenzangu wengi walikuwa na viwanja vilivyochongwa vizuri, vimeota majani. Walikuwa wamemaliza kulipia kilima, pesa ya nyumba ikawa haipo.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja muuza hoho pale sokoni. Nilikuwa nalalamika, maana mimi nikiwa na shida hata muuza hoho ataijua, akaniambia, "Mwalimu, njoo kwenye mchezo wetu." Nikamwambia michezo ya pesa niliapa kutocheza tena. Akacheka. "Sisi hatuchezi pesa. Tunacheza vyumba."

Na kweli walikuwa wanacheza vyumba. Kilikuwa kikundi cha wanawake wa kijiji kimoja juu ya mji, wengi wao wakulima wa mboga, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu wamechanganyika. Kila mmoja alikuwa na zamu, na zamu yako ikifika, kikundi kizima kinakujengea chumba kimoja. Ufundi waliupata kwa fundi wa hapohapo kijijini, aliyesomea chuoni matumizi ya mashine ya mkono ya kufyatulia matofali ya kufungamana. Mashine haili umeme wala kuni. Unaweka udongo uliochekechwa na kuchanganywa na saruji kidogo, unaninginia kwenye mpini kwa uzito wako wote, linatoka tofali gumu lenye ulimi juu na shimo chini, na matofali yanakaa moja juu ya jingine bila kupakwa kitu katikati. Udongo wenyewe ni ule uliochongwa pale kiwanjani, ule ambao wengine wanalipia utupwe. Chumba kinatoka kwenye shimo lake. Na pembeni ya ukuta fundi alikuwa anaacha matofali yamechomoza kama meno, ili mwenye chumba akijaliwa aunganishe cha pili bila kubomoa. Hakuna aliyekuwa anapewa nyumba mle, kila mtu alikuwa anapewa mwanzo wa nyumba.

Nikajiunga. Jumamosi na baada ya saa za kazi nilipanda kule na viatu vya mvua, nikabeba udongo wa watu wengine. Sikuwa hodari. "Mwalimu anabeba karai kama amebeba mtihani wa taifa," walisema, na kweli nilitembea hivyo, mikono mbele, macho mbele, nikiogopa kumwaga. Walizungumza Kishambaa wao kwa wao na Kiswahili na mimi, na wakitaka kunisema walirudi kwenye Kishambaa, wakacheka. Nami nilicheka nao kwa usalama.

Mkubwa wetu kwa umri alikuwa mama mmoja mjane ambaye wote tulimwita bibi. Huyo hakuwa na shida ya chumba hata kidogo. Watoto wake walio Dar es Salaam na Arusha walimjengea nyumba kubwa yenye vigae sakafuni na madirisha ya vioo, na kila mtoto ana chumba chake humo, na kila chumba kina kufuli. Walikuja Krismasi kama mwaka umekuwa mzuri. Bibi mwenyewe alilala kwenye kichumba cha zamani karibu na jiko, kwa sababu vigae, alisema, vinamng'ata miguu. Nilipomuuliza amejiunga na kikundi ili ajengewe nini, alijibu kwamba anataka banda la kuku. Zamu yake ikikaribia alimwachia mtu mwingine. Nilidhani ni ukarimu. Sasa nafikiri alikuwa anaogopa kwamba akishapata banda lake hatakuwa na sababu ya kuja tena kukaa na watu.

Siku nilipowaeleza habari ya mama, tulikuwa tumekaa juu ya matofali tunakula mihogo. Zamu yangu ilikuwa mbali sana. Mmoja akasema utaratibu ni utaratibu, na alikuwa na haki, kwa sababu hata yeye paa lake lilikuwa linavuja. Wakaanza kuvutana. Bibi akafuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Mwalimu achukue zamu yangu. Kuku wangu hawajapewa notisi." Mambo yakaishia hapo, na nilifurahi mpaka nikashindwa kumalizia muhogo wangu.

Kiwanja changu kilikuwa cha bei ya mwalimu, yaani mawe matupu. Kilikuwa kama kibaraza cha asili ubavuni mwa kilima, hakihitaji kuchongwa, nami nilijiona mjanja kwa kukinunua. Fundi alipokuja kukiona alipiga sululu, ikaruka. Akapiga mahali pengine, ikaruka tena. Akaniambia, "Mwalimu, umenunua kiwanja kisicho na nyumba ndani yake." Udongo ungepaswa kutoka kwingine. Aliwaambia akina mama kila mmoja alete wa kwake, wachekeche, waanze kufyatua, maana kazi wameshaizoea. Yeye alikuwa amepata msiba wa upande wa mke wake Mtae, kule mwisho kabisa wa safu ya milima, na barabara ya Mtae ukiifuata huwezi kuahidi siku ya kurudi. Akapanda pikipiki akaenda. Hakusema udongo gani, kwa sababu alidhani hakuna haja.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo nadhani lisingeweza kutokea mahali pengine popote.

Akina mama walikuja alfajiri ya Jumamosi wamejitwisha matenga na viroba, na walikuja na udongo mweusi. Mweusi ti, laini, wenye harufu ya mvua. Ulikuwa udongo wa bustani zao, wa kwenye makinga maji, ule waliourutubisha kwa samadi mwaka hadi mwaka na kuuokoa kila masika usiteremke bondeni. Mkulima wa huku anaweza kukukopesha jembe, anaweza kukupa mbuzi, lakini udongo ule hampi mtu. Mmoja alifungua kiroba chake mbele yangu akaukamua kiganjani ili nione. "Huu nimeutoa kwenye karoti," alisema. "Shika mwenyewe."

Baadaye nilielewa hesabu yao, nayo ilikuwa na akili. Vyumba vya mwanzo vilijengwa kwa udongo mwekundu kwa sababu ndio uliotoka shimoni. Kwao udongo mwekundu ni udongo maskini, hauzai kitu, na walidhani fundi anautumia kwa kubana matumizi, kama mtu anayepika mboga kwa maji baada ya mafuta kuisha. Sasa mimi nilikuwa mgeni, mtu wa pwani nisiye na shamba, ninayemjengea mama yangu mzazi. Wangewezaje kunipa udongo mbovu? Ingekuwa sawa na kunikaribisha kwa makombo. Na kama ule mbovu umetoa matofali yale, je, huu mzuri utatoa matofali gani?

Niliwashukuru mmoja mmoja. Tulifyatua siku ile na Jumamosi iliyofuata, tukaimba, na matofali yalikuwa mazuri ajabu, meusi yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Tuliyapanga mistari, tukayafunika majani ya migomba, na kama kawaida ya matofali ya saruji tukaweka zamu ya kuyamwagilia maji asubuhi na jioni ili yakomae. Nilimpigia mama simu nikamwambia tofali la chumba chako nimelikanyaga kwa mguu wangu, nalo limekataa kuvunjika. Akaniambia vizuri, halafu akauliza kama kuna baridi.

Asubuhi moja zamu ya kumwagilia ilikuwa yangu. Nilipita kiwanjani kabla ya shule, nikafunua majani ya mgomba, nikakuta matofali yangu yameota. Kwanza niliona kijani hapa na pale, nikadhani ni uchafu ulioanguka. Nikainama. Ulikuwa mchicha. Mchicha wenye majani mawili mawili umejipanga kwenye nyufa za matofali kama umepandwa na mtu, na katikati yake karoti, na kwenye tofali moja la kona shina la kiazi limetoka kwa nguvu mpaka limelipasua vipande viwili. Nilisimama na ndoo yangu mkononi. Kisha nikafanya jambo la kijinga ambalo bado linanichekesha, nikamaliza kumwagilia.

Mchana habari zilikuwa zimefika kote. Wanawake wote walikuja. Yule wa karoti alizitambua karoti zake. Mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, tukacheka wote hadi tukashikana mabega, halafu kicheko kikakauka na kila mtu akaangalia chini. Fundi alirudi siku ileile ana vumbi la Mtae mpaka kwenye nyusi. Akachukua tofali moja, akalimega kwa vidole kama kiporo cha ugali.

"Nani kaniletea samadi kwenye mashine?" aliuliza.

Hapo nikawaka. Nilimfokea fundi kwa hasira yote niliyokuwa nimeihifadhi kwa ajili ya mwenye nyumba, kwa ajili ya binamu zangu, kwa ajili ya mnunuzi wa Tanga ambaye simjui hata sura. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema nani huambiwa asijenge nyumba kwa shamba. Nikamwambia watu hawa wamenipa kitu kizuri kuliko vyote walivyo navyo na yeye asimame hapo kukiita samadi! Akaliweka tofali chini. Nadhani hakutegemea nimgombeze kwa upande huo. Hata akina mama hawakutegemea. Yule wa karoti alianza kulia, na nilipomwona analia hasira yangu iliisha palepale, nikabaki na woga tu. Saruji ilikuwa imekwisha, mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza kugonga mabati ya watu, na fundi alisema wazi kwamba mpaka mvua zipungue hakuna tofali jingine litakalokauka.

Mama alifika mwishoni mwa Novemba na basi la Tanga, akiwa na begi moja, ndoo yenye mfuniko na kifurushi cha nazi. Mnunuzi alikuwa ameanza kuleta mafundi wa kupima milango, na mama hakutaka kumsumbua. Alitetemeka kwa baridi pale stendi akasema hewa ni nzuri. Nikampeleka chumbani kwangu. Mwenye nyumba alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akamuuliza safari, akampa pole, na jioni akanikumbusha taratibu kuhusu siku mbili. Nilimwambia nimeisoma hiyo sheria kila asubuhi kwa miaka yote hii na naijua kuliko yeye.

Kesho yake, Jumapili, bibi alitokea mlangoni kwetu amevaa nguo za kanisani na kitambaa kichwani. Hakukaa. Alisalimiana na mama, wakashikana mikono muda mrefu jinsi wazee wanavyofanya, mkono haurudishwi mpaka habari ziishe. Kisha akanigeukia mimi. "Mama yako analala kwangu mpaka chumba kiishe. Nina vyumba vinavyoota ukungu bure." Nilianza kusema kwamba hatuwezi kumsumbua, na watoto wake je, na kufuli je. Akasema, "Nyumba walinijengea mimi au walizijengea kufuli?" Akabeba ndoo ya mama kichwani, akatangulia.

Nilimpeleka mama mimi mwenyewe. Bibi alimfungulia chumba cha mwanawe mkubwa, chumba chenye kitanda kikubwa ambacho godoro lake lilikuwa bado kwenye nailoni, na pazia zito, na kabati tupu. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda kile, nailoni ikalia chini yake. Niliona wazi kwamba hatathubutu hata kujigeuza usingizini. Nikamwambia avumilie kidogo tu. Akasema yeye hana neno, akauliza kama mvua za huku huwa ndefu.

Jumatano niliporudi kuwaangalia nikakuta kile chumba kikubwa kimefungwa tena kufuli. Nikazunguka nyuma nikawakuta wawili hao jikoni, wamekaa kwenye vigoda wakimenya maharage, na kitanda cha pili, cha kamba, kimeingizwa kwenye kile kichumba cha zamani kando ya cha bibi. "Vigae vinamng'ata," bibi alinieleza, kama daktari anayetaja ugonjwa.

Na walikuwa wanazungumza. Bibi alisema Kishambaa chake na mama alijibu Kibondei chake, na kwa kuwa lugha hizo ni ndugu kila mmoja alimwelewa mwenzake bila kuhama kwenye ya kwake. Sikuwahi kumsikia mama akizungumza Kibondei kwa mfululizo vile. Nyumbani kwetu Tanga baba alikuwa mtu wa Pangani, tulizungumza Kiswahili, na Kibondei mama alikitumia kwa kuhesabu na kwa kuomboleza tu. Mimi sikukijua. Pale jikoni alikuwa mchokozi, anapandisha sauti, anamkatiza mwenzake, anapiga goti kwa kicheko. Nilipouliza wanacheka nini, mama alisema, "Ah, mambo ya zamani," akanipa maharage nimenye.

Mvua za mwaka ule zilichukua muda wake. Nilipanda kuwaona kila nilipopata nafasi, na sukari au majani ya chai mkononi, na kila mara nilimwambia mama habari za chumba. Na kila mara nilikuta jambo jipya. Bibi aliacha kununua nyama kwa mchinjaji mmoja na kuhamia kwa mwingine, Mwislamu kama mama, ili mama aile kwa amani. Mama alimlazimisha bibi kula maharage ya nazi, bibi akasema ni dawa ya kuharishia, halafu baada ya wiki mbili nikamkuta anakuna nazi mwenyewe na kumlaumu mama kwa kuchuja vibaya. Walinuniana kwa ajili ya redio. Walipatana kwa ajili ya kuku. Nilimwonea mama huruma kwa kubanana kwenye kichumba kile chenye moshi, na huruma hiyo ndiyo iliyonipandisha kilimani kila siku kuwasukuma watu.

Mvua zilipopungua nilinunua saruji nyingine kwa mshahara, na udongo sasa ulitoka kwa bibi. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ukingo mwekundu kama damu ya mzee, udongo maskini usiozaa hata magugu ya maana. Fundi aliusugua mkononi, akautemea mate, akafinyanga kidonge, akasema ndio huu. Tukauchonga. Bibi akapata mahali tambarare pa banda la kuku, na mimi nikapata chumba. Wanawake waliubeba udongo ule bila kuimba mwanzoni, wakiuonea haya, na yule wa karoti aliniuliza mara mbili kama kweli naupokea. Nikamwambia naupokea kwa mikono miwili. Yale matofali meusi tuliyaponda, tukayatandaza juu ya mawe mbele ya kiwanja, na mchicha haukujali hata kidogo, uliendelea pale ulipoishia. Tuliuchuma, tukaula pamoja, na hiyo ndiyo siku nyimbo ziliporudi.

Chumba kilisimama kabla ya masika. Chumba kimoja, bati jipya, dirisha linalotazama jua la asubuhi, na meno ya ukuta upande wa chini kusubiri siku nyingine. Niliweka vitanda viwili. Cha mama nilikiweka dirishani, nikakinunulia godoro na blanketi zito la kuzuia baridi, na godoro nilitoa nailoni kwa mkono wangu mwenyewe nikaitupa mbali. Funguo za mwenye nyumba nilimrudishia. Aliniambia nimekuwa mpangaji mzuri, na nilimwambia asante, na tuliagana vizuri tu.

Siku ya kuingia nilipika pilau la watu wote. Mmoja wa Walutheri aliomba, mama akasoma dua, fundi akala sahani mbili akasema amenisamehe. Mama alikaa kwenye kitanda chake chini ya dirisha. Alijaribu godoro kwa kiganja. Alipitisha mkono ukutani, tofali kwa tofali, akafika mwisho akarudi. "Umejenga, mwanangu," alisema. "Mungu akuzidishie." Nikamwambia tumejenga, na hicho ndicho kitanda chako. Akasema kizuri.

Bibi aliaga mapema kwenda kufungia kuku. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mtu na bakuli lake la pilau. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni nilipomwona mama anasimama, anajifunga kanga, anatafuta ndala zake chini ya kitanda. Nikamwambia choo kiko nyuma, nimsindikize.

"Siendi chooni," alisema. "Ngoja niwahi nyumbani kabla ukungu haujafunga njia."

Nilikuwa nimeshika sahani. Nisiseme uongo, niliumia, na niliumia sana. "Mama," nikamwambia, "nyumbani ndiyo hapa."

Alinitazama kwa ile huruma aliyokuwa akinitazamia nikiwa mdogo nina homa. "Hapa ni kwako. Nitakuja sana, utanichoka. Lakini yule mtu atakula na nani?"

Nilikuwa namtazama anavyotafuta ndala, na ndipo lilipoingia kichwani neno alilolitumia. Mama yangu hajawahi kupaita mahali anapolala "nyumbani". Tulipopanga na baba alisema "kwa mwenye nyumba". Kwa mjomba alisema "kwa kaka", na mjomba alipofariki akasema "kwa marehemu", miaka na miaka, hata akiwa anafagia uwanja wake. Sasa alikuwa amelitamka hivihivi tu, kwa haraka, akiwa na ndala mguu mmoja. Mimi nilikuwa nimehangaika nimpatie chumba, na wakati mimi nahangaika alikuwa ameshapata.

Nikaweka sahani chini. Nikapiga magoti nikaitoa ndala ya pili chini ya kitanda nikamvisha. Nikalikunja lile blanketi jipya nikalibeba, nikamshika mkono, nikamsindikiza njia yote kama anavyosindikizwa mgeni anayesubiriwa mahali. Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko. Alianza kumgombeza kwa Kishambaa kabla hatujafika, mama akamjibu kwa Kibondei kwa sauti kubwa kuliko yake, akaninyang'anya blanketi, akaingia nalo. Sikuelewa hata neno moja. Mlango ukafungwa, nikawasikia wakicheka ndani, nikarudi kwangu kuosha vyombo.